Ndiyo ya Kizimbani: Mshtakiwa wa Kibera na Kawangware na Wakili Aliyeteuliwa na Mahakama

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii, ambayo aghalabu hutajwa mgonjwa anapomwonea haya mganga wake, inamfaa pia mshtakiwa anayekutana kwa mara ya kwanza na wakili ambaye hakumchagua, hamlipi, na pengine hajawahi hata kulisikia jina lake. Katika mahakama ya Kibera, ambayo kwa miaka mingi imesikiza kesi za wakazi wa Kibera, Kawangware na mitaa mingine ya magharibi mwa Nairobi, mshtakiwa wa aina hii si mgeni. Hutolewa korokoroni asubuhi, husomewa mashtaka, na akibahatika kuteuliwa wakili, mazungumzo yao ya kwanza huenda yakachukua dakika chache tu kando ya seli za mahakama.

Makala haya yanalenga kueleza jinsi mshtakiwa anavyoweza kushirikiana na wakili huyo kwa manufaa. Hoja kuu ni kwamba wakili hutetea habari anazopewa, na habari hizo hupitia lugha. Mshtakiwa husimulia kwa Kiswahili cha Nairobi au kwa Sheng; wakili huandika kwa Kiingereza; hakimu naye, mara nyingi, hunakili kwa Kiingereza. Katika safari hiyo neno moja dogo laweza kumfunga mtu. Kwa sababu hiyo, suala hili, ingawa ni la kisheria, linawahusu moja kwa moja wanafunzi na walimu wa Kiswahili.

Haki ya Kuteuliwa Wakili

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inaitaja haki hii waziwazi. Kifungu cha 50(2) kinampa kila mshtakiwa haki ya kuchagua wakili na kuwakilishwa naye. Aya ya (h) ya kifungu hicho inaongeza kuwa mshtakiwa atateuliwa wakili na serikali, kwa gharama ya serikali, iwapo kukosa wakili kungeleta udhalimu mkubwa. Katika hali zote mbili mshtakiwa sharti aarifiwe haki yake bila kuchelewa.

Kabla ya hapo, desturi ilikuwa kumpa wakili wa aina hii mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji mbele ya Mahakama Kuu. Aliyeshtakiwa kwa wizi wa kimabavu, kosa ambalo chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu lina adhabu ya kifo, alisikizwa na hakimu wa mahakama ya chini, na asiyekuwa na pesa alijitetea peke yake. Kwa maneno mengine, watu wawili walikabiliwa na adhabu ile ile, lakini mmoja alikuwa na mtetezi na mwingine hakuwa naye. Mwaka 2011, katika kesi ya David Njoroge Macharia dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba wanaokabiliwa na adhabu ya kifo ni miongoni mwa wanaostahili kuteuliwa wakili kwa gharama ya serikali. Kisha ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na kuitaka mahakama imweleze haki hii mshtakiwa asiye na wakili.

Hata hivyo, mwaka 2017, katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Karisa Chengo na wenzake, Mahakama ya Upeo ilifafanua kwamba haki hii haimpati kila mshtakiwa moja kwa moja. Mahakama hutazama uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa wa kulipa, iwapo ni mtoto, kiwango chake cha kusoma na kuandika, na utata wa shtaka lenyewe.

Ufafanuzi huu una maana kubwa kwa mkazi wa Laini Saba au Gatina. Haki hii haimfuati mtu kimyakimya. Siku ya kwanza mahakamani, mshtakiwa anafaa kutamka kwa sauti: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kumlipa wakili. Naomba mahakama initeulie." Ikiwa hajui kusoma, aseme hivyo bila haya. Ikiwa haelewi shtaka, aseme pia. Mambo haya ambayo mtu huyaficha mtaani kwa kuona aibu ndiyo mahakama inayoyapima inapoamua.

Wakili wa Serikali ni Yupi?

Tatizo la kwanza kati ya mshtakiwa na wakili wake ni la kisemantiki. Katika mazungumzo ya kila siku, mtu aliyeteuliwa na mahakama huitwa "wakili wa serikali". Lakini jina hilo hilo limetumika kwa muda mrefu kumtaja wakili anayeiwakilisha Jamhuri, yaani anayeongoza mashtaka. Basi mshtakiwa anapoambiwa kwamba amepewa wakili wa serikali, hudhani amekabidhiwa kwa mtu yule yule anayetaka afungwe. Anamjibu kwa mkato, anamficha majina ya mashahidi, na pengine anamdanganya.

Ni muhimu basi tofauti ielezwe mapema. Kiongozi wa mashtaka hufanya kazi chini ya Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wakili aliyeteuliwa na mahakama hulipwa kutokana na fedha za umma, lakini mteja wake ni mshtakiwa, na wajibu wake ni kwa mshtakiwa. Hapaswi kumdai mteja wala jamaa zake malipo ya kesi hiyo. Istilahi "wakili wa utetezi" ingeondoa utata huu, na ni vyema makarani na wakalimani waitumie badala ya ile yenye maana mbili.

Aidha, mshtakiwa aelewe kwamba uhuru wa kuchagua wakili unamhusu anayemlipa wakili wake. Anayeteuliwa wakili humpokea aliyeteuliwa. Wakili huyo huwa na kesi nyingine nyingi, na malipo yake ni madogo yakilinganishwa na ya wateja binafsi. Jambo hili si kisingizio cha uzembe, lakini linaonyesha kwa nini mshtakiwa aliyejiandaa hufaidika kuliko asiyejiandaa. Dakika 10 zenye mpangilio huzaa zaidi ya saa nzima ya kulalamika.

Kimya Kabla ya Kukutana na Wakili

Utetezi huanza kabla wakili hajafika. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani katika muda usiozidi saa 24, isipokuwa muda huo unapokwisha nje ya saa za kazi za mahakama. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 25A, inakataa ungamo lolote ambalo halikutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachokubaliwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, huku mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa akiwapo. Mtu anayezungumza ovyo katika kituo cha polisi, au anayemsimulia mwenzake wa korokoroni kisa chote, humwachia wakili kazi ya kurekebisha badala ya kutetea.

Hatari kubwa zaidi iko katika kujibu shtaka. Katika mahakama za Kenya, mshtakiwa aghalabu hujibu kwa mojawapo ya kauli mbili: "Ni kweli" au "Si kweli". Kauli ya kwanza ni kukiri. Hapa ndipo adabu ya Kiswahili inapoweza kumponza mtu. Mwana aliyelelewa vyema hufundishwa kumnyenyekea mkubwa, na mbele ya mkubwa aliyekasirika huanza kwa kuomba radhi hata kama hana kosa. Mshtakiwa anayesema "Nisamehe, mheshimiwa" huenda anatoa heshima tu, ilhali mahakama yaweza kuisikia kauli hiyo kama ya mtu anayekiri na kuomba huruma. Vilevile, anayesema "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeanza" hajakiri kosa lolote, ametoa utetezi.

Sheria yenyewe inaitambua hatari hii. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao bado unafuatwa: shtaka lielezwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake linakiliwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, maelezo ya kisa yasomwe, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Akiyapinga, kukiri kwake hufutwa. Kwa hivyo, mshtakiwa ambaye hajaonana na wakili na hana hakika na shtaka lake anashauriwa kujibu "Si kweli" au kuomba muda. Kukana shtaka si kusema uongo. Ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe madai yake. Anaweza kubadilisha jibu baadaye baada ya kushauriana na wakili, na hata kufanya makubaliano na upande wa mashtaka chini ya taratibu zilizoingizwa katika sheria mwaka 2008. Kurudi nyuma baada ya kukiri ni kugumu zaidi.

Sentensi Moja, Mitego Minne

Kibera ni mtaa ulioanza na askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ukapokea baadaye Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii na wengineo. Kawangware nayo ina mchanganyiko wake. Katika mitaa kama hii Kiswahili ndicho daraja, lakini ni Kiswahili kinachobeba mantiki ya lugha nyingi na msamiati wa Sheng. Wakili hata akiwa mzaliwa wa Nairobi, akishika kalamu huhamia katika Kiingereza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Kawangware amepatikana na simu ambayo mwenyewe aliporwa. Ameshtakiwa kwa wizi wa kimabavu, na kwa shtaka mbadala la kupatikana na mali ya wizi. Anamweleza wakili wake hivi: "Siku hiyo saa mbili usiku tulikuwa na Otieno kwa mama mboga, halafu kesho yake akanipa simu, nikamtumia pesa." Kwa sikio la Mswahili sentensi hii ni nyepesi. Kwa kalamu ya wakili ina mitego minne.

Mtego wa kwanza ni saa. Saa mbili usiku ya Waswahili ni saa mbili tangu jua kutua. Anayeandika kwa Kiingereza kwa haraka, bila kugeuza hesabu, huandika nambari 2, na msomaji wa faili anaelewa ni usiku wa manane. Ikiwa mlalamishi aliporwa saa mbili jioni, ushahidi kwamba kijana alikuwa mahali pengine umepotea kwa tofauti ya saa sita. Mshtakiwa anafaa kuitia saa yake alama ya tukio: "saa mbili usiku, taarifa ya habari ilipokuwa ikianza," au "kabla maduka hayajafungwa."

Mtego wa pili ni "tulikuwa na Otieno". Katika Kiswahili, kauli hii yaweza kumaanisha watu wawili tu, yaani msemaji na Otieno. Ikifasiriwa neno kwa neno, huzaa "sisi" pamoja na mtu mwingine, na hesabu ya watu inafika angalau watatu. Katika shtaka la wizi wa kimabavu idadi ya watu ni jambo zito, kwani kuandamana na mwenzako mmoja au zaidi ni mojawapo ya hali zinazoukuza wizi wa kunyang'anya kuwa kosa la kifo. Kiongozi wa mashtaka anaweza kuuliza huyo wa tatu ni nani na amefichwa wapi. Ni salama zaidi kusema: "Tulikuwa watu wawili, mimi na Otieno."

Mtego wa tatu ni kiambishi "a-" katika "akanipa". Ni nani aliyempa simu: Otieno au mama mboga? Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi hiki, ilhali Kiingereza humlazimu mwandishi achague. Wakili akikisia vibaya, maelezo ya faili yatasema mwanamume ndiye aliyetoa simu, na kijana akija kusema mahakamani kwamba ni mwanamke, ataonekana amebadilisha kisa. Dawa ni kurudia jina kila mara badala ya kutegemea kiambishi, hata kama masikio yatachoka.

Mtego wa nne ni kitenzi "kupa". Mtaani, "alinipa simu" yaweza kuwa "aliniuzia". Kisheria, tofauti ni kubwa. Mtu anayepatikana na mali iliyoibwa karibuni hutarajiwa kueleza jinsi alivyoipata. Aliyenunua kwa bei ya kawaida, akalipa kwa M-PESA na kubaki na ujumbe wenye tarehe, saa, kiasi na jina la mpokeaji, ana maelezo yanayoweza kuchunguzwa. Aliyepewa bure hana. Maneno "nikamtumia pesa" ndiyo yaliyobeba utetezi wote wa kijana huyu, lakini yamekuja mwishoni mwa sentensi, baada ya wakili kuinua kalamu.

Mifano ya Sheng ni mingi pia. "Mbogi yangu" kwa kijana wa Kawangware ni marafiki anaokaa nao kijiweni; ikifasiriwa kuwa genge, inabadilisha kesi. Katika kesi za dhuluma za kingono, kauli "alinifanyia tabia mbaya" imejaa katika rekodi za mahakama za Kenya, na majaji wameizoea kama tafsida. Lakini si kila tafsida inajulikana. Mama mtu mzima anayehojiwa na wakili mwenye umri wa mwanawe ataona vigumu kutaja mambo kwa majina yake. Wakili mwenye busara humwita "mama", humwomba radhi kwanza, kisha humuuliza maana ya kila tafsida aliyoitumia.

Namna ya Kusimulia

Mwanafunzi wa fasihi anajua kwamba msuko unaweza kuanzia katikati ya kisa na kurudi nyuma. Kwa wakili, mbinu rejeshi ni hasara. Kinachomfaa ni mfululizo wa wakati: asubuhi nilifanya nini, mchana nilikuwa wapi, jioni nilikutana na nani, polisi walinikamata wapi na walisema nini. Baada ya hapo zifuate taarifa za kuthibitisha: majina kamili ya mashahidi, nambari zao za simu, nyumba zao zilipo, na alama za jirani. Kwa kuwa nyumba nyingi za mabanda hazina anwani rasmi, maelezo kama "nyuma ya kanisa, mlango wa tatu baada ya kisima" ndiyo anwani yenyewe.

Jambo jingine ni kutenganisha "niliona", "nilisikia" na "inasemekana". Msimulizi wa mtaani huyachanganya yote katika kisa kimoja, na kwa hadithi jambo hilo si dosari. Mahakama, kinyume chake, huthamini alichokiona au kukisikia shahidi mwenyewe, na huwa na mashaka makubwa na habari za kuambiwa. Wakili akielezwa wazi ni lipi la macho na ni lipi la uvumi, atajua ni nani wa kuitwa kutoa ushahidi.

Tena habari zote zielezwe, hata zile mbaya. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamkataza wakili kutoa siri aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo bila idhini ya mteja, isipokuwa mteja anapoutafuta msaada wake ili kutimiza jambo lililo kinyume cha sheria. Kifungu cha 135 kinawatia katika wajibu huo makarani wa wakili pamoja na wakalimani. Kwa hivyo mshtakiwa anayetumia mkalimani kuzungumza na wakili wake hana sababu ya kuogopa. Mahali pa mazungumzo, hata hivyo, pana umuhimu. Siri inayotajwa kwa sauti mbele ya askari na mahabusu wengine imeshatoka kabla sheria haijailinda.

Kuna mpaka mmoja wa kuzingatiwa. Wakili anayeambiwa ukweli hawezi kumsaidia mteja kutoa ushahidi wa uongo. Anaweza lakini kuupima ushahidi wa upande wa mashtaka, kuwahoji mashahidi, kuomba nakala za maelezo yao, jambo ambalo Katiba inaliruhusu, na kutafuta adhabu nafuu. Wakili anayedanganywa hujulishwa ukweli na shahidi wa mashtaka, hadharani, wakati hakuna tena nafasi ya kujipanga.

"Ndiyo" Inapokuwa Hatari

Ndani ya mahakama, mshtakiwa ana haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika. Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, na kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaruhusu lugha zote mbili katika mahakama za chini, ingawa kinaiwekea Mahakama Kuu Kiingereza. Kivitendo, swali huulizwa kwa Kiswahili na jibu hunakiliwa kwa Kiingereza.

Hapa ndipo "ndiyo" inapozua balaa. Kiongozi wa mashtaka akiuliza, "Hukumwona mlalamishi siku hiyo?" Mswahili ambaye hakumwona anaweza kujibu "Ndiyo", akimaanisha kwamba kauli ya muulizaji ni sahihi: hakumwona. Katika Kiingereza, jibu la kukubali kwa swali kama hilo humaanisha kwamba alimwona. Rekodi moja, maana mbili zinazopingana. Mshtakiwa afundishwe mapema na wakili wake kujibu kwa sentensi kamili: "Sikumwona." Isitoshe, anaposikia mkalimani amekosea, asinung'unike moyoni. Amwashirie wakili wake, au aseme kwa upole, "Mheshimiwa, sivyo nilivyosema." Rufaa husikizwa kwa kusoma rekodi; lisiloandikwa halisomwi.

Mashahidi wa mashtaka wanapotoa ushahidi, mshtakiwa asikilize kwa makini na amwandikie wakili vijimaneno, au ayahifadhi kichwani kama hajui kuandika. Yeye ndiye anayejua kwamba taa iliyotajwa na shahidi haikuwepo, au kwamba kichochoro hicho hakipitiki mvua inaponyesha. Upande wa mashtaka ukifunga ushahidi na hakimu akaona kuna kesi ya kujibu, mshtakiwa ana njia tatu: kutoa ushahidi kwa kiapo na kuhojiwa, kujieleza bila kiapo, au kunyamaza. Uchaguzi huu ufanywe pamoja na wakili kabla ya siku hiyo.

Jamaa, Dhamana na Siku za Kesi

Mshtakiwa aliye rumande katika gereza la Industrial Area, au mwanamke aliye Lang'ata, hawezi kuwatafuta mashahidi. Kazi hiyo huwaangukia jamaa na majirani. Familia iwe na karatasi moja yenye nambari ya kesi, nambari ya chumba cha mahakama, jina la wakili na tarehe ijayo, na ijue kama tarehe hiyo ni ya kutajwa kwa kesi au ya kusikizwa. Mashahidi wanaoletwa siku ya kutajwa hurudi nyumbani bure, na siku ya kusikizwa huenda wasionekane.

Kuhusu dhamana, Katiba inataka masharti yawe ya kadiri, na mshtakiwa anyimwe dhamana tu kukiwa na sababu nzito. Wakili huweza kuomba masharti yapunguzwe, lakini anahitaji taarifa: mshtakiwa anaishi wapi na kwa muda gani, ana kazi gani, ana watoto wangapi, ni nani atakayemdhamini. Kwa mkazi wa kupanga, barua ya chifu au maelezo ya mwenye nyumba yanaweza kuthibitisha makazi. Mashirika kama Kituo cha Sheria, lililoanzishwa mwaka 1973, yamefanya kazi ya kuwaelimisha wanyonge kuhusu mambo kama haya, na Sheria ya mwaka 2016 imewatambua pia wasaidizi wa kisheria wasio mawakili.

Wakili akikosa kufika mara kwa mara au asipowasiliana, mshtakiwa aieleze mahakama kwa heshima, akitaja tarehe. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa kwa tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya mawakili. Lakini kwanza aulize. Pengine wakili aliomba nakala za maelezo ya mashahidi na bado hajazipata, na kimya chake si cha kupuuza.

Hata baada ya hukumu kazi haijaisha. Aliyepatikana na hatia hupewa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu, na Sheria ya Utumishi wa Jamii ya mwaka 1998 inaruhusu makosa kadhaa yasiyo mazito kuadhibiwa kwa kazi ya kijamii badala ya kifungo. Rufaa kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu inatakiwa kuwasilishwa katika muda wa siku 14. Kwa hivyo swali la mwisho la mshtakiwa kwa wakili wake kabla hajarudishwa gerezani liwe: "Je, utanikatia rufaa, au nitafute mwingine?"

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba haki ya kuteuliwa wakili haikamiliki wakili anapotajwa jina. Hukamilika mshtakiwa anapoeleweka. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zake. Kenya bado ina mshtakiwa anayesema kwa lugha moja na rekodi inayoandikwa kwa nyingine. Hadi hapo hali itakapobadilika, wanafunzi wa Kiswahili wana kazi mbele yao. Wanaweza kukusanya kauli za Sheng na tafsida zinazotumika mahakamani na kuzitolea maelezo. Wanaweza kuandaa karatasi fupi ya haki za mshtakiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka Kibera na Kawangware. Wanaweza pia kuufanya ukalimani wa mahakama kuwa mada ya utafiti, kwa kukaa katika viti vya umma, ambavyo viko wazi kwa yeyote, na kusikiliza jinsi "saa mbili" na "tulikuwa na" zinavyonakiliwa. Mwanafunzi aliyefunzwa kuichambua sentensi darasani ana uwezo wa kuona kosa ambalo hakimu, wakili na mshtakiwa wote watatu wamelipita.